Hofu ya Siku ya Nne

Jumamosi, tarehe 6 Machi 1954. Alfajiri hiyo ukungu ulikuwa mzito juu ya kijiji cha Mamba, hata utingo wa lori akalazimika kutembea mbele na kandili mpaka kona ya tatu, dereva akimfuata polepole. Lakini walipofika Same jua lilikuwa limekwisha kushika, upepo wa tambarare ukitimua vumbi jekundu, na milima waliyotoka haikuonekana tena kwa mawingu.

Dina alishuka na kikapu chake cha maharage. Alikuwa amevaa gauni la maua ya samawati alilolishona mwenyewe, kanga kiunoni, na kitambaa cheupe kichwani. Maharage yalipokwisha, wanawake wenzake walikwenda kutazama vitambaa madukani. Yeye alielekea stesheni, kwa sababu alikuwa bado hajafanya jambo lake la siku.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Krismasi iliyopita Dina alilala hospitali wiki tatu kwa homa, na siku moja alimsikia muuguzi akimwambia mama yake amwite mchungaji. Mchungaji akaja, akaomba, akaondoka. Na Dina akapona. Aliporudi nyumbani, akiwa bado anashika ukuta ili atembee, aliketi barazani, akaitazama migomba ya mama yake inavyong'aa baada ya mvua, akalia kwa shukrani. Kisha akajiuliza maisha haya aliyorudishiwa atayafanyia nini. Kwa maana tangu utoto alikuwa mwoga. Aliogopa mito, aliogopa ng'ombe, aliogopa kusema mbele za watu. Kwa kuogopa kuchekwa hakuwahi kwenda shule, mpaka mwaka huo, akiwa na miaka ishirini na minne, alipojiandikisha katika darasa la jioni la mwalimu Eliezeri, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Bwana," aliomba siku moja, "umenipa siku zangu upya, na mimi nazikalia kama kuku. Kwaresima hii wengine watajinyima sukari. Mimi nitajinyima woga. Kila siku jambo moja jipya linalonitia hofu, isipokuwa Jumapili, siku yako. Unishike mkono."

Hakumwambia mtu ila Esta, binti wa mjomba wake, aliyelelewa naye nyumba moja.

Siku ya kwanza aliuliza swali darasani kwa sauti. Siku ya pili alivuka mto juu ya gogo badala ya kuzunguka hadi kivukoni. Siku ya tatu alisimama mbele ya bata mzinga wa mchungaji, ndege mkubwa mwenye hasira aliyekimbiwa na kila mwanamke wa usharika, akapiga makofi na kusema, "Toka!" Bata mzinga akatoka. Leo ilikuwa siku ya nne, na kitu alichokichagua kilikuwa kofia.

Kofia yoyote ya kazi, yenye nembo ya shaba. Mwaka ule wa mbiru, wanaume wa Upare walipoketi Same kwa maelfu kuikataa kodi mpya, Dina alifuatana na mama yake kumpelekea baba chakula. Aliwaona watu wenye kofia za nembo ya shaba wakipaza sauti juu ya vichwa vya wazee waliokaa chini. Hakuna aliyemgusa. Lakini tangu siku hiyo, akiiona kofia kama ile, miguu ilimlegea; na hata baada ya baba kufariki aliiota.

Stesheni ilikuwa imejaa watu. Wamasai na ngozi zao, wauza mahindi ya kuchemsha, wapagazi wakipigana vikumbo na magunia ya kahawa. Karani mmoja mrefu, wa miaka kama thelathini hivi, alikuwa ameinama akiandika kwa chaki juu ya magunia. Kaki yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kofia ilikaa sawasawa kichwani, na nembo yake ilimeta juani.

Dina alimwendea moja kwa moja kabla hajabadili nia, akasimama mbele yake. Hapo ndipo alipogundua kwamba alijiandaa kufika tu. Maneno ya kusema hakuyaandaa.

"Shikamoo," alisema.

Karani aliinua uso. Ulikuwa na makovu madogo ya ndui, mashavuni na juu ya pua, na macho mapole yaliyoshangaa.

"Shikamoo? Dada, umeona mvi wapi?"

"Samahani."

"Usiombe samahani, naipokea. Marahaba! Siku nyingi sijapata heshima hapa. Nikusaidie nini? Una mzigo?"

"Sina."

"Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Unampokea mgeni?"

"Hapana." Dina alielekeza kidole juu. "Bwana, hiyo kofia yako ni nzito?"

Wapagazi wawili waliacha gunia lao wakageuka kutazama. Karani alimwangalia Dina kitambo, akaivua kofia, akampa kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga.

"Pima mwenyewe."

Dina aliipokea. Ilikuwa na joto la kichwa cha mtu, na ndani ilinuka mafuta ya nazi. "Kumbe nyepesi!" alisema kwa mshangao wa kweli.

"Nyepesi asubuhi. Ikifika saa nane, na jua hili la Same, inakuwa sufuria."

Kicheko kilimtoka Dina bila ruhusa. Karani naye akacheka, na wapagazi wakacheka, na miguu ya Dina ikakumbuka kazi yake.

"Unatoka wapi, dada mpima kofia?"

"Mamba. Na wewe?"

"Ngujini, Ugweno."

"Ndiyo maana Kiswahili chako kinapanda na kushuka."

"Na chako kinateleza, kimetoka na matope ya Mamba! Mimi naitwa Filemoni."

"Dina."

"Na Jumamosi ijayo, Dina, utakuja kupima nini?"

"Nitaona nikifika," alisema, akamrudishia kofia, akaenda zake bila kugeuka nyuma, ingawa shingo ilitamani sana kugeuka.

Jioni hiyo alipiga magoti kando ya kitanda chake cha kamba. "Asante, Bwana, kwa hofu ya leo," aliomba. "Kumbe chini ya kofia kulikuwa na mtu."

*

Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Filemoni alimwekea kiti kwenye kivuli cha ghala la mizigo. Walizungumza mpaka dereva wa lori akachoka kupiga honi. Dina alimsomea maneno yaliyoandikwa kwenye mabehewa, polepole, herufi kwa herufi, na Filemoni hakumcheka wala hakumsaidia mpaka aombwe.

"Hapo nimepata?"

"Umepata. Ila umelisoma behewa la ng'ombe kana kwamba ni Zaburi."

"Mimi nimejifunzia kwenye Zaburi, bwana. Sina sauti nyingine."

"Basi usiitafute," alisema Filemoni. "Hiyo hiyo nimeipenda."

Jumamosi ya nne walialikwa chakula nyumbani kwa mzee Iddi, karani wa tiketi, mtu wa Tanga, ambaye mkewe Mwanaasha alikuwa hodari wa mapishi. Sinia lilipofunuliwa, Dina aliona wali, mchuzi mzito wa nazi, na samaki mzima mwenye macho. Kwao milimani samaki alikuwa kitu cha kusikia katika Injili tu. Siku hiyo alikuwa bado hajafanya jambo lake. Akajua ndilo hili. Akafumba macho, akala.

"Mwanangu," alisema Mwanaasha, "unakula au unaomba?"

"Vyote viwili, mama."

"Na unaonaje?"

Dina alifumbua jicho moja. "Niongezee."

Mwanaasha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Filemoni, huyu usimwache. Anayeweza kula anachokiogopa, hata wewe atakuvumilia."

Filemoni alimsindikiza Dina hadi kwenye lori, akitembea polepole kuliko kawaida yake. Walipofika kwenye mti wa mnyaa wa mwisho kabla ya soko, alisimama.

"Nikuulize neno. Siku ile stesheni ilijaa watu. Kwa nini ulikuja kwangu?" Mkono wake ulipanda shavuni, juu ya makovu, bila yeye kujua. "Wasichana wakiniona hutazama upande mwingine. Sisemi kwa uchungu, nimezoea. Lakini wewe ulinyooka mpaka mbele yangu. Nimelala na swali hili wiki tatu."

Hapo ndipo Dina alipopaswa kumweleza yote: homa, Kwaresima, kofia. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini uso wa Filemoni ulikuwa umejaa furaha ya namna ambayo hakuwahi kuiona kwa mtu mzima, na aliogopa kuizima.

"Nilikuona wewe tu," alisema.

Filemoni alivuta pumzi ndefu. "Basi nisikilize, Dina wangu. Jumamosi ijayo sitakungoja hapa. Mimi nitakuja Mamba, na mzee Iddi atabeba maneno yangu kwa mjomba wako. Mwambie mama aandae viti viwili."

"Nitamwambia. Na uje bila kofia, asije akadhani umefuata kodi."

"Nitakuja hata bila nywele, mpenzi, mradi unifungulie mlango."

Dina alipanda lori akiimba moyoni. Alimshukuru Mungu kwa samaki, na kwa Mwanaasha, na kwa kila kona ya njia. Ila alipofika kwenye jambo lile alilolificha, sala yake ilikwama. Alikuwa amemshinda samaki. Neno moja la kweli lilikuwa limemshinda.

*

Jumamosi hiyo ya posa, tarehe 3 Aprili, mvua ya masika ilikuwa imeipiga milima siku mbili. Kabla hakujapambazuka vizuri baragumu lililia kutoka kilimani, mara tatu, likanyamaza, likalia tena mara tatu.

Kila mtu wa Mamba alijua maana yake. Ilikuwa msaragambo, kazi ya wote, na ya haraka. Ndiva, lile bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilijenga juu ya mashamba ili kukinga maji ya mfereji, ukingo wake ulikuwa umepasuka.

"Kila mwenye mikono!" mjomba Simeoni alipiga kelele akipita na jembe begani. "Wanaume na wanawake!"

"Mjomba, na wageni wangu?" Dina alimkimbilia. Alikwisha kuvaa gauni lake la maua, na viti viwili vya kuazima vilikuwa barazani.

"Ndiva ikipasuka, hapa kwetu hasamehewi hata mwenye msiba. Mashamba ya watu mia yako chini ya maji yale. Wageni watapumzika, tutarudi."

Aliyeachwa alikuwa Esta peke yake, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa la mwezi wa tisa. Dina alimshika mabega. "Esta, kaa pale njia inapopandia. Utamjua, ni mrefu, na ana makovu ya ndui. Waambie tuko ndivani. Waambie chai iko ndani, nimeifunika, waingie wapumzike. Usisahau, nakuomba!"

"Nenda, bibi harusi. Nitawapokea kama malaika."

Dina alivua gauni, akavaa kaniki, akaenda. Walibeba mawe, wakakanyaga udongo, wakaimba, wakateleza, wakainuka. Alasiri maji yalitulia nyuma ya ukingo mpya, na watu wakamshukuru Mungu kwa sauti. Dina alishuka mbio, matope mpaka kwenye nyusi. Alikuta mlango umefungwa kama alivyouacha. Viti vilikuwa vitupu. Chai ilikuwa baridi.

"Walipita," alisema Esta, macho chini.

"Wakasemaje?"

"Hawakukaa. Walifika mlangoni, wakashuka."

Mjomba Simeoni aliposikia alikung'uta matope ya miguu yake barazani. "Mtu anayekuja kuposa na hawezi kungoja hata saa moja, alikuwa anatafuta sababu. Rudisha viti vya watu, mwanangu."

Dina alirudisha viti. Alidhani Filemoni aliiona nyumba yao ya udongo akajuta. Wiki hiyo aliendelea na mambo yake ya kila siku, kwa kuwa aliahidi kwa Mungu na si kwa mwanamume. Alisoma somo kanisani Jumatano mbele ya usharika wote. Mama yake alilia kwa fahari. Yeye alikaa kitako akiwa mkavu kama gunia.

Ijumaa jioni Esta alikuja, akajishusha kwa shida kwenye kigoda.

"Dina, tangu Jumamosi chakula hakipiti. Nipige, lakini unisikie."

"Sema."

"Nilimwona, nikamjua, nikafurahi kupita kiasi. Nikasema, 'Karibu shemeji! Kumbe ndiye wewe, wa siku ya nne!' Akauliza, siku ya nne ya nini? Nami nilidhani anajua! Nikamwambia, 'Si ile Kwaresima ya Dina, kila siku kitu cha kutisha? Wa tatu alikuwa bata mzinga, wa nne ukawa wewe!' Nilidhani atacheka, Dina. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka."

Dina aliweka chini kisu na ndizi aliyokuwa akiimenya. "Akasemaje?"

"Alishika shavu lake. Akasema, 'Alitafuta cha kutisha, akaniona mimi.' Kisha akapanda haraka, yule mzee akihema nyuma yake. Habari ya ndiva ikanipotea mdomoni. Niliporudiwa na akili walikuwa wamekwisha kunipita wakishuka. Nikaona haya kukwambia." Esta alianza kulia. "Na utingo wa lori anasema Filemoni amepelekwa stesheni ya Makanya wiki hii kushika nafasi ya mgonjwa, na kesho anapanda gari moshi kwenda Tanga, kazi ya bandarini. Ameomba mwenyewe. Harudi tena huku."

Dina alisogeza kigoda chake karibu. Kisha akamfuta Esta machozi kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi.

"Asante kwa kuniambia. Aliniuliza mwenyewe, Esta, kwa kinywa chake, nami nikamficha. Kosa hili ni langu."

*

Jumamosi, siku ya thelathini na nne, lori lilikwama kwenye matope mara mbili. Dina alishuka akasukuma pamoja na wanaume. Walipoingia Same hakungoja lisimame vizuri. Aliruka, akakimbia kupita soko, kitambaa kikamdondoka, akakiacha. Alifika stesheni akitaka kupanda gari la Tanga hadi Makanya, akaliona behewa la mwisho likipita mbele yake, likienda upande wa Makanya, na mzee Iddi akikunja bendera ya kijani.

"Mzee Iddi! Shikamoo!"

"Marahaba." Sauti ya mzee ilikuwa baridi. "Umekuja kupima nini leo? Mimi nimepanda mlima wako na magoti haya, nikaonyeshwa mlango uliofungwa."

"Tulikuwa ndivani, mzee! Baragumu lililia!"

"Ndiva ndiyo nini?"

"Bwawa la kumwagilia. Lilipasuka. Kila mtu aliitwa."

Mzee Iddi alikunja uso. "Ngoja. Nilimwambia Filemoni, labda wamepatwa na jambo, tukae. Akasema hapana, hata kama ni kazi ya baragumu, kwao Ugweno mwenye wageni wa posa huachwa nyumbani. Akasema mkiwa hampo, mmekataa."

"Kwetu haachwi mtu! Ndiva ikipasuka, hata mfiwa huenda!"

"La haula! Kwa hiyo kijana wa watu anahama nchi kwa sababu ya desturi za mabwawa?"

"Na kwa sababu yangu. Nilimficha neno." Dina alishika nguzo ili asianguke kwa kuhema. "Mzee, niazime baiskeli."

"Baiskeli hailiwahi gari moshi. Saa moja tu linafika Makanya, naye sanduku lake limekwisha kufungwa kamba." Alimtazama Dina tangu kichwa kilicho wazi mpaka miguu yenye matope, na uso wake ukalegea. "Kitu cha kuliwahi ni kimoja. Ingia."

Ukutani mwa ofisi kulikuwa na sanduku la mbao lenye mpini wa kuzungusha, na kitu cheusi kikining'inia pembeni.

"Ni lazima niwaarifu Makanya kwamba gari limeondoka," alisema mzee Iddi. "Nikimaliza, sitakuwa na haraka ya kukiweka chini. Lakini ujue, binti, waya huu ni mmoja kwa stesheni zote. Nikizungusha, kengele italia Kisangiro, italia Hedaru, italia mpaka Buiko. Na wale makarani nawafahamu. Wote watasikiliza."

Dina alikitazama kile kitu cheusi. Mito, samaki, usharika mzima, vyote vilikuwa vidogo mbele yake. "Bwana," aliomba kimoyomoyo, "sina maneno. Nipe sauti tu."

Mzee Iddi alizungusha mpini. "Makanya, Same hapa. Gari la Tanga limeondoka saa tano na dakika kumi, mabehewa tisa."

"Nimeandika," ilisema sauti ndogo ya mbali.

"Usiondoke. Kuna mzigo wako umebaki hapa."

"Mimi sina mzigo Same, mzee."

"Unao. Zungumza nao."

Dina alipewa. Alikishika juu chini, mzee akamgeuzia.

"FILEMONI!"

"Taratibu, binti," alinong'ona mzee Iddi. "Hivyo angekusikia hata bila waya."

Kule ng'ambo kalamu ilianguka. Kisha: "Dina?"

"Ni mimi. Usikate. Tafadhali usikate. Tulikuwa ndivani, Filemoni. Ukingo ulipasuka, na kwetu haachwi mtu. Viti vilikuwa barazani. Chai niliifunika. Mlango nilikufungia mvua, sikukufungia wewe."

Mahali fulani kwenye waya mtu alikohoa, na mwingine akamwambia, "Ssss!" Dina alijua sasa kwamba ni kweli, wote wapo. Masikio yalimwaka moto. Akaendelea.

"Na aliyoyasema Esta ni kweli. Niliponyoka kifo mwaka jana, nikamwahidi Mungu kwamba kila siku ya Kwaresima nitafanya jambo moja linalonitisha. Siku ya nne nilikuja kwako."

"Kwa sababu ya uso wangu," ilisema sauti ya Filemoni, taratibu. "Ungesema tu, Dina. Ningekuelewa."

"Kwa sababu ya kofia! Niliogopa kofia! Tangu mwaka wa mbiru naziogopa, baba yangu alikaa chini ya watu wenye kofia kama hiyo. Uso wako sikuwa nimeuona hata kidogo, ulikuwa umeinama unaandika magunia. Nilipouona ndipo hofu ilipoisha. Uliponiuliza, nilipaswa kukuambia hivyo. Ulikuwa na furaha, nikaogopa kuiharibu, nikakudanganya. Unisamehe."

Mzee Iddi alitazama sakafu.

"Na leo?" aliuliza Filemoni. Sauti ilikuwa imekauka. "Simu hii ni jambo lako la leo?"

"Ndiyo. Sijawahi kushika simu, na watu wa stesheni zote wananisikia. Lakini ninachokiogopa leo si hicho. Naogopa gari lile litakapofika hapo ulipo."

Hakuna aliyejibu. Halafu sauti nyingine kabisa, nzito, ikaingia kwenye waya. "Makanya, hapa Hedaru. Bwana Filemoni, ukiendelea kunyamaza tutajibu sisi."

"Kisangiro naunga mkono," ilisema nyingine.

Na hapo Dina alisikia, mbali, kupitia upepo wote wa tambarare, Filemoni akicheka. Kicheko chenye machozi ndani yake.

"Ndugu zangu, mmekaa hapo tangu mwanzo?"

"Tangu mabehewa tisa," alisema wa Hedaru.

"Basi mtakuwa mashahidi. Nami nina la kuungama. Nilipoambiwa neno moja njiani, nilijiona mimi tu na makovu yangu. Sikungoja hata chai ipoe. Dina, unisamehe na wewe. Sipandi gari. Tanga watapata mtu, nafasi ile inaliliwa na wengi. Jumatatu ya Pasaka nitapanda mlima tena na mzee Iddi, kama magoti yake yatakubali."

"Yatakubali," alisema mzee Iddi kwa sauti, ingawa hakuna aliyemsikia ila Dina.

"Na mjomba wako akinifukuza, nitakaa barazani mpaka achoke. Lakini kabla sijamuuliza yeye nakuuliza wewe, mbele ya watu hawa. Dina, utakuwa mke wangu?"

Dina alifumba macho. Alihisi shukrani ikimpanda kutoka kwenye miguu yenye matope, kama siku ile barazani alipoitazama migomba ikimeta, akijua kwamba yu hai. Aliyafumbua.

"Nitakuwa," alisema.

"Sema kwa sauti, dada, Buiko tuko mbali!" mtu alidakia.

Basi Dina alisimama wima, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ile ile ya Zaburi, kila neno mahali pake: "Ninyi nyote mnaosikia, mniwekee neno hili. Mimi Dina wa Mamba nitaolewa na Filemoni wa Ngujini. Na ninamwahidi, mbele ya Mungu na mbele ya stesheni hizi zote: jambo lolote litakalonitia hofu maishani, yeye ndiye atakayelisikia wa kwanza, kabla ya Esta."